Shule Ile Isiyofundisha Kazi

Mwanangu Furaha,

Kaa chini kwanza. Ningekupigia simu huko Umeå, lakini najua utanikatiza kwa Kiswidi, "Mamma, snälla, tafadhali, niko darasani," na mimi leo nina maneno mengi. Barua haikatizwi. Tena nimeiandika wazi, itoke kwenye jarida la jumuiya yetu, waisome na wale wa mtaani kwetu Fittja walionicheka. Waisome vizuri!

Unakumbuka nilivyokupeleka kile chuo kidogo kule mashambani, mbele ya Jakobsberg? Si zamani, ni miaka hii hii ya elfu mbili na kitu. Ulikuwa umemaliza sekondari, na mimi nilishawatangazia watu kanisani kwamba unakwenda kusomea uuguzi. Ukaja ukakaa mezani, ukasema unataka kwanza mwaka mmoja kwenye chuo kisicho cha serikali, chuo cha chama cha watu binafsi, chenye wanafunzi wachache wanaolala hukohuko.

"Wanafundisha nini?" nikauliza.

"Falsafa, mama. Historia, muziki, vitabu, nyota, kuchora, hata useremala."

"Na ukitoka una kazi gani?"

"Hakuna kazi. Unasoma ili ujue."

Ee Mungu wangu! Nimevuka Ziwa Tanganyika na mtoto mgongoni, nimekaa kambini Kigoma, nimefika Uswidi kuogesha wazee wa watu, ili mwanangu asome nyota? Nilisema mengi siku ile, na wewe ukainua kidevu chako kile cha baba yako, nikajua nimeshindwa. Mtoto akililia wembe, mpe. Nikakupa. Ila nikasema nitakufikisha mwenyewe, maana kwetu Uvira mtoto haendi bweni bila mzazi wa kumkabidhi.

Na kwetu anayekwenda bweni anabeba godoro. Nani angeniambia? Tukapanda treni, wewe na sanduku lako, mimi na godoro nimelifunga kwa kitenge, ndoo, kufuli, miche ya sabuni, na sufuria ya sombe, majani yetu ya muhogo, nimeifunika kwa taulo. Waswidi, unawajua, wote wakageukia madirisha kana kwamba huko nje kuna jambo kubwa. Wewe ukaenda kukaa viti vya mbali ukajifanya hunijui. Usikatae, nilikuona!

Tulipofika, mama mmoja mwenye mvi na buti za mpira akatoka bustanini, akasema karibuni, akashika ncha ya godoro. Tukalibeba wote wawili mpaka chumbani kwako, tukakuta kitanda kina godoro zuri kuliko langu. Hakucheka. Alikisifu kitenge. Kumbe yule ndiye mkuu wa chuo, Gunilla, na nyinyi wanafunzi mnamwita Gunilla hivyohivyo, kama mtoto wa jirani! Nilitaka nikuzabe kibao pale pale.

Akatutembeza. Nyumba za mbao za rangi ya manjano, maktaba ambayo zamani ilikuwa zizi la ng'ombe, ukumbi wenye piano, karakana inayonukia mbao mbichi. Jikoni kila mtu ana zamu ya kuosha vyombo, na zamu ya mkuu ilikuwa Alhamisi. Madarasani viti vimepangwa duara, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Nikauliza nani huwa wa kwanza darasani, akasema hapo hawahesabu wa kwanza. Nikajisemea hii si shule, hii ni matembezi. Sombe walikula ikaisha, hilo nawasifu.

Nikarudi Fittja na godoro langu nimenuna. Ulifikiri nimekasirika kwa sababu ya uuguzi. La, mwanangu, ulikuwa wivu. Nilikuwa darasa la tano mama yangu alipofariki, nikatolewa shule nilee wadogo zangu. Na nilikuwa naipenda shule, Furaha, naipenda vibaya. Nilipoona vile viti vya duara, roho ilinidunda kama msichana aliyeona mchumba wa mwenzake.

Basi ukamaliza mwaka wako, ukaenda chuo kikuu huko kaskazini, nyumba ikawa kimya. Siku moja nikampigia Gunilla, nikamuuliza umri wa mwisho wa kuingia chuoni ni upi. Akasema hakuna. Nikaomba ruhusa kazini. Mama Espérance wa kwaya akaniambia, "Dada, utasoma na miwani mingapi?" Wengine wakasema Waswidi wameniroga. Nikaenda hivyohivyo. Hayo unayajua, nilikueleza kwa simu. Usiyoyajua ni ya ndani.

Siku ya kwanza mwalimu wa falsafa aliingia, kijana tu, anaitwa Johan, umri wako. Nikasimama wima, mikono ubavuni, kama masista walivyotufundisha. Peke yangu! Akadhani natafuta choo, akanionyesha kilipo. Nikakaa, uso unawaka moto. Kesho yake akaingia, miguu ikasimama yenyewe, tena peke yangu. Nilimwomba Mungu anisahaulishe. Halafu asubuhi moja nimesimama nikasikia viti vinaburuzwa, kuangalia hivi, darasa zima limesimama! Hata yule msichana mwenye nywele za kijani ambaye hamsalimii mtu. Johan akabaki mlangoni, shingo nyekundu mpaka masikioni, akauliza kulikoni.

Wote wakanitazama mimi. Nikamweleza kwamba kwetu tunasimama kwa sababu mtu aliyebeba elimu ameingia. Akafikiri, akasema, "Basi kesho mimi nitawahi, nisimame wewe ukiingia." Na kweli alisimama! Siku hiyo tulijadili heshima mpaka wakati wa kahawa ukapita, na unajua Waswidi na kahawa yao. Mimi niliongea, mwanangu. Kiswidi changu kilikuwa vipandevipande, wakangoja mpaka nikafika mwisho wa sentensi. Miaka yote niliyokaa nchi hii sijawahi kungojwa namna ile.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Unakumbuka kiangazi chetu cha kwanza Fittja? Ulikuwa mdogo, hulali, mwanga hauishi, tukaziba dirisha kwa vitenge na blanketi la msaada. Ukaniuliza kwa nini huku hakuingii giza. Nikakujibu, "Mungu amesahau kuzima taa." Baadaye walikufundisha shuleni kwako, ukaja ukanieleza kwa Kiswidi cha mbiombio, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikuelewa hata neno.

Sasa najua! Mwalimu wa nyota alinipa chungwa na taa ya mezani. Nikalichoma chungwa kijiti, nikaliinamisha kidogo kuelekea taa, nikalizungusha. Nikatia alama ya kalamu pale tumboni, hiyo ni Uvira: mwanga nusu, giza nusu, haki bin haki, ndiyo maana kwetu jua halina matata. Nikatia alama nyingine huku juu, hiyo ni Stockholm. Nikazungusha, nikaiona inagusa giza kidogo tu, hiyo imerudi mwangani. Furaha, nilipiga kigelegele! Ndani ya maktaba! Msomaji mmoja aliangusha kitabu.

Haina faida, najua. Hakuna atakayenilipa kwa kulizungusha chungwa, na wazee wangu hawataoga vizuri zaidi kwa ajili yake. Lakini nimelijua, ni langu, na siku nzima nilitembea nikicheka peke yangu kwenye ile njia ya misonobari. Sasa nakuelewa ulivyokuwa unarudi nyumbani wikendi macho yanang'aa, nami nakuuliza umekula nini.

Mwezi Mei, kabla ya chuo kufunga, kuna siku ya wazazi. Uliniita mimi mwaka wako, nikaja na kofia. Kila mwanafunzi anasimama ukumbini na kueleza jambo moja alilojifunza, na watu wake wamewekewa viti vya mbele. Mimi nitaeleza chungwa langu, kwa Kiswidi, mbele ya watu wote. Nina furaha mpaka nashindwa kula.

Vijana wenzangu wanaita baba zao na mama zao. Gunilla akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama ningependa yeye akae kwenye kiti cha mzazi wangu. Moyo mzuri anao. Ila nilikumbuka siku ya wazazi ya Uvira, mwaka wangu wa mwisho shuleni. Nilipewa shairi la kusoma. Mama alikuwa hawezi kuinuka kitandani, baba alikuwa Bujumbura anatafuta maisha. Nililisoma lote nikiutazama mlango, na hakuingia mtu.

Nikamwambia Gunilla asante, lakini mzazi wangu yupo. Anasoma Umeå, ni mbali, ila nikimwita atakuja. Gunilla akacheka, akadhani ni mzaha. Mimi sikucheka.

Njoo, Furaha. Wahi, ukae kiti cha mbele, nikuone kabla sijafungua mdomo.

Nakungoja,
Mama yako, ambaye siku hiyo atakuwa mtoto wako