Uzi Aliokataa Kuufunga Baba Yako

Battambang, Jumanne

Mjukuu wangu Malivanh,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba asiyeagwa na wa kwao hawezi kusafiri. Ndivyo alivyodhani baba yako. Asubuhi ile pale kwetu Pakse nilimnyooshea mkono anifunge uzi mweupe wa kuagana, ili roho zangu zote thelathini na mbili, ambazo sisi Walao huamini kila mtu anazo, ziondoke pamoja nami. Akakunja mikono.

“Mama, mtu wa miaka sitini na tisa haendi Kambodia peke yake. Sifungi!”

Nilibeba begi nikaondoka.

Basi letu lilipovuka mpaka, muuza pilipili mmoja anayesema Kilao kama sisi aliutazama mkono wangu.

“Bibi, mbona mkono mtupu? Umewatoroka wa kwenu?”

“Nimewaaga. Wao ndio hawakuniaga.”

Alicheka, akachomoa uzi kwenye gunia lake, akanifunga huku akiziita roho zangu kwa sauti kubwa mpaka dereva akalalamika: “Mama, basi limejaa! Hizo zote zitakaa wapi?”

Hapa sijambo. Magoti yananiuma, lakini hata nyumbani yalikuwa yakiuma.

Dada yako ameniandikia kwamba baba yako amekunyima uzi wa safari ya Vietnam, nawe umeshatoa nguo begini. Nampenda mwanangu, ila uzi hufungwa na yeyote anayekutakia heri, na mimi ndiye niliyemzaa. Wako umo ndani ya bahasha hii. Roho zako nimeshaziita.

Ni mimi bibi yako, Sengdao, ninayekuambia: leo hii unaposoma barua, kabla ya chakula cha mchana, nenda kituoni ukakate tiketi.