Kiti cha gari kimenilaza mapajani kwa mama mkwe

Shikamoo Bibi Adelgunda, mshauri wetu. Nakuandikia nikiwa na aibu na pia nikiwa na swali, na sijui nianze na lipi, kwa hiyo naanza na gari. Mimi ni mkulima wa migomba na kahawa hapa Ndama, Karagwe, na mwaka jana nilinunua gari kuukuu kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake, gari zuri la viti vya ngozi, na kiti cha dereva hakina mkono wa kuvuta kama magari mengine bali kina vitufe ubavuni, upande wa mlango, ukibonyeza hiki kiti kinasogea mbele, ukibonyeza kile mgongo wa kiti unalala au unainuka wenyewe kwa mota, na mimi Bibi tangu utoto nikiona kitu kinatembea bila kusukumwa sipati usingizi mpaka nijue kwa nini, hata mke wangu Deodatha huniambia kwamba gari ndilo bi mkubwa.

Baada ya Krismasi kiti kikaanza ujeuri. Tulikuwa tumempelekea mama mkwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwake Nyakatuntu, dumu nikalibana kati ya kiti na mlango lisipinduke, pombe ikachemka kwa joto la njiani ikasukuma kizibo cha jani la mgomba, ikamwagika kidogo, nikaifuta na tambara, safari ikaendelea. Sasa kiti ukikibonyeza kidogo kinakwenda, ukiachia wakati mwingine hakisimami, na siku nyingine hakiitiki kabisa. Nimekichunguza asubuhi kukiwa na baridi, nimekichunguza kwenye jua, na cha ajabu zaidi nimewakuta sisimizi wamejipanga mstari toka sakafuni hadi kwenye kitufe, nikajiuliza kama umeme una harufu wanayoisikia wao tu.

Basi mama mkwe ana kidonda mguuni kisichotaka kupona, na daktari ameagiza apelekwe hospitali kila wiki kusafishwa, na gari langu ndilo tegemeo. Unajua kwetu mkwe wa kiume hakutanishi macho na mama mkwe, sembuse kumgusa, kwa hiyo siku hiyo nilikigeuza kioo cha kati kikatazama juu, naye kwa heshima yake akakaa nyuma ya mgongo wangu hasa, nisimwone, Deodatha akakaa mbele kando yangu. Nikawasha gari pale uani kwake, majirani wanatuaga, nikabonyeza kitufe ili ninyooshe mgongo kidogo tu, mgongo wa kiti ukaanza kulala na haukukoma, mota inanguruma, nami nikalala nao, mpaka kichwa changu kikatua mapajani mwa mama mkwe, macho yangu yakitazama yake. Deodatha akapiga ukelele, “Yebabawe! Kashaija, inuka!” Nikainuka, ingawa si papo hapo, maana nilisikia mota imebadili sauti ikawa kama inakwaruza, nikatega sikio kidogo nijue kama ni jino la gia au ni kitu gani.

Mama mkwe akashuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu hapo hapandi gari langu, hospitali haendi, mguu anaufunga kwa majani, na Deodatha amebaki huko kumuuguza na ameniambia nisikanyage pale. Shemeji yangu Cassian, kaka yake Deodatha anayeendesha lori la kahawa, alinipitia akaniambia maneno ya mama yake: “Mtu akianguka anainuka. Yule alitulia.” Bibi, mimi sikutulia kwa ubaya, kiti ndicho kilicholala. Naomba unieleze kinatengenezwaje, ili nimpelekee akione kwa macho yake na aamini kosa lilikuwa la kiti.

Mimi Kashaija, Ndama.

*

Marahaba, Kashaija. Nimecheka mpaka miwani ikanidondoka, kisha nikarudia kusoma pale penye mguu, na kicheko kikaniisha.

Nianze na kiti, maana najua kabla ya hapo hutanisikia. Sisimizi hawana habari na umeme wako, wanafuata sukari. Ile rubisi uliyoifuta juu juu iliingia ndani ya swichi ikakauka ikawa gundi, na kitufe kikibonyezwa kinanasa. Redio yangu ya kaseti niliwahi kuimwagia soda, ikafanya ukaidi huo huo. Toa kwanza waya wa betri, fungua swichi, isugue kwa spiriti na mswaki wa zamani, iache ikauke kabisa. Ukishairudisha na kufunga tena waya wa betri, inua mgongo wa kiti mpaka ukae sawa, kisha chomoa plagi iliyo chini ya kiti na uiache hivyo. Mota isiyo na umeme haiendi popote. Mgongo usiposhika, mwite fundi wa umeme wa magari, na gari lisitoke uani kwako, kwa sababu kiti kama hicho kikilala mteremkoni hutaniandikia tena. Na ile sauti ya kukwaruza ni mota iliyofika mwisho wa njia yake huku bado inalazimishwa. Haya, umejua. Ulale usingizi.

Sasa nisikilize vizuri. Barua nzima umeijaza vitufe, na mguu wa mzazi wa mkeo ukaupa mstari. Kiti kilikulaza, sikatai, ila aliyebaki pale akitega sikio ni wewe. Mama wa watu alikaa nyuma yako kukulindia heshima, akashtukia kichwa cha mkwewe mapajani, na alichokiona ni uso wa mwanamume aliyetulia, macho wazi, hana haraka. Angejuaje kwamba unasikiliza gia? Nakuhurumia, kwa sababu naamini hukuwa na nia mbaya. Lakini huwezi kumtaka akague mota ndipo akusamehe.

Kwanza kabisa, leo hii, kabla ya spiriti na mswaki, mtafute Cassian. Ampeleke mama yake hospitali kwa lori lake, na akikataa kwenda, Deodatha na majirani wamshawishi mpaka apande. Majani yale yatolewe. Kidonda hakingoji wewe usamehewe.

Pili, mwombe shangazi wa Deodatha akusemee. Wewe usiende. Aseme kwamba umekosa, kwamba ulichelewa kuinuka, na kwamba unaomba radhi. Neno kiti asilitaje hata kidogo, na wewe usimfundishe kulitaja. Lolote watakalokutaka utoe, mpe shangazi apeleke, bila kubishana.

Tatu, gari likishapona na mama akikubali, mpe Cassian ufunguo awe anamwendesha yeye kila wiki. Wewe ubaki Ndama. Najua utateseka kutwa nzima, hujui kiti kimekaaje, kimetoa sauti gani, sisimizi wamerudi au hawakurudi. Teseka tu. Jioni Cassian akifika kukurudishia ufunguo, muulize mguu unaendeleaje, halafu nyamaza mpaka amalize kukueleza.