Sisi Tuliokunja Magazeti ya Uchi

Malmö, Jumapili

Mdogo wangu Gunborg,

Nyonga bado inaniuma, na jamu ya mwaka huu imekuwa majimaji. Lakini mjukuu wangu Tuva ni daktari sasa! Si wa sindano. Amesomea picha za ngono, kama wengine wanavyosomea nyota. Ndiyo, umesoma sawasawa, vaa miwani uendelee.

Kitabu chake kinahusu wanawake wa kiwanda kile chetu cha zamani, cha magazeti ya uchi. Ijumaa alikitetea katika ukumbi wa chuo kikuu mbele ya watu wote. Profesa kutoka Denmark akambana: "Ushahidi wako ni bibi mmoja asiye na jina. Tutajuaje kama yupo?" Mtoto akainamia karatasi zake, maana aliniapia kwamba hatanitaja. Nikaona miaka yake mitano ya utafiti inateketea.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Nikasimama na mkongojo wangu.

"Sina swali, bwana mdogo. Bibi mwenyewe ni mimi, Ragnhild. Nimekunja makalio ya watu miaka tisa, huku mimi na wenzangu tukibishana bei ya viazi. Lete karatasi nikuonyeshe!"

Akaleta. Nikakunja mara tatu bila kutazama, pembe juu ya pembe, kurasa kumi na sita. Profesa akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniinamia kwa heshima. Tuva akafaulu!

Jina lako sikulitaja, mwoga wewe. Lakini usitarajie tena niwaambie watu kwamba tulikunja vitabu vya nyimbo za kanisa. Mimi kuona haya nimeacha Ijumaa ile.

Dada yako mkubwa,
Ragnhild