Eda Si ya Kompyuta

Mpendwa mshauri Bi Nasreen, naomba msaada na naomba usinicheke, maana jambo lenyewe ni kompyuta lakini limenikosesha raha. Baba yangu, marehemu Bwana Mahmud, ametuacha miezi mitatu sasa, mama yumo edani hapa nyumbani, na faraja yake ni kompyuta kuukuu ya mezani ambamo baba alijirekodia darsa zake za Ramadhani; kila baada ya Alasiri mama huiwasha, huvuta uradi kwa tasbihi mpaka ifunguke, kwani huchukua muda wa kuchemsha chai, kisha husikiliza, na pale baba anapokatiza darsa na kuita, "Huwaida, kahawa," mama huitika, "Labeka," nami hujifanya sikusikia.

Sasa diski imeanza kugonga ndani, nikaogopa sauti zitapotea, nikaagiza diski mpya, SSD ile nyembamba yenye kasi, bila kumwuliza mtu, ilipofika nikakuta madabodi, ule ubao mkubwa wa ndani, ni wa zamani na hauna tundu lake, nikanunua kadi ya kuichomekea, nikachomoa diski ya baba nikidhani mpya itashika kazi, na kabla sijamaliza mama akaja akabonyeza, kioo kikaandika hakuna diski ya kuwashia. Akaniangalia. "Lubna, babako ameondoka tena?"

Niliirudisha mbio, ikawaka, na ile mpya ikaonekana pia, ila kugonga kumezidi. Fundi Kamaludin anataka nimpelekee dukani, mama hataki: "Kitu cha babako hakitoki mlangoni hata eda ishe. Iwate papo." Yuko Bochaberi, mwanamke mwenzangu wa kazini hotelini kule Shela, ndiye anayetengeneza kompyuta za hoteli, lakini si mtu wa huku, naona haya kumleta. Nimefikiria kuitoa mama akiwa anasali. Nitakosea?

Lubna, Amu

Lubna mwanangu, Mungu amrehemu babako. Ndiyo, utakosea. Mwana gani anayengoja mamake asujudu ndipo abebe kitu? Umeshamshtua mara moja, yatosha.

Eda ni ya mjane, si ya kompyuta, na akitaka amwulize sheikh anayemwamini. Lakini usishindane naye. Mama hazungumzii sheria hapo. Jeneza limepita mlango ule juzi tu, na hawezi kuona kitu kingine cha mumewe kikibebwa kupita papo hapo. Basi kompyuta isitoke.

Kosa lako ni kutaka kasi kabla ya salama. Unasema kompyuta ikiwaka diski mpya huonekana, kumbe dawa ilikuwa mkononi mwako. Ubao wa zamani kama huo mara nyingi haujui kuwakia diski ya aina hiyo, ila ukishawaka unaweza kuweka vitu ndani yake. Usichomoe kitu. Washeni, nakilini sauti zote kwenye hiyo mpya, kisha kwenye flashi, na mzifungue mhakikishe zinasema. Hayo yakiisha ndipo utafute SSD ya SATA, inayoshika waya uleule wa diski ya baba, ihamishiwe kila kilichomo, mfumo na yote, kompyuta iwakie hapo.

Nani atafanya? Umemtaja Bochaberi kwa mstari mmoja ukampita mbio. Ni mwanamke, kazi anaijua, na anaweza kukaa alipo mama bila mama kujificha. Kamaludin hawezi hata kama ni fundi wa mafundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wewe unaona haya ya nini? Mlete kesho, na mama akae kitini pale pale aone kila skrubu inapokwenda.

Kwanza mwombe mama radhi na umweleze kwamba diski inakufa, kwa maneno hayohayo, maana anasikia inavyogonga kama unavyosikia wewe. Na kazi ikimalizika usiiwashe wewe. Mwachie mama abonyeze. Itafunguka kabla hajafika mbali na uradi wake, atashtuka kidogo. Babako akiita kahawa, toka chumbani umwache mama aitike.