Picha ya Bibi Neusa Kivukoni

Kijiji cha Kilambo,
Mtwara.
29 Novemba 2009

Mpendwa kaka Valdemar,

Shikamoo. Habari za huko Mwanza? Shemeji hajambo? Na mtoto, homa imemwacha? Sisi huku wazima. Mama anapalilia mihogo, korosho mwaka huu si haba, na Bibi Neusa bado ananishinda kula ugali.

Barua yako niliipata. Umeniuliza kama ni kweli Bibi alivushwa mto wa mpaka kutoka Msumbiji kuja kupiga kura huku, maana umeiona picha yake kwenye intaneti. Mimi nilikuwa sijaiona. Nikapanda gari hadi Mtwara mjini, kwenye chumba cha intaneti jirani na soko, na dada wa pale, Rehema, akanitafutia.

Kumbe ni yeye kweli! Anashuka mtumbwini, kitenge kichwani, viatu mkononi. Chini ya picha, kwenye jukwaa la mabishano, wameandika: "Msumbiji yaingilia uchaguzi wetu." Asubuhi ile alikuwa anarudi kutoka kumzika dada yake ng'ambo, akapitiliza kwenda kumpigia kura mwenyekiti wa kijiji, kama anavyopiga miaka yote. Walioandika hawakujua, wala hawakuuliza. Mmoja alitaka jeshi lipelekwe mtoni. Mwingine alisema kuna wageni wanaoitaka gesi ya Mnazi Bay, ndio waliowaleta watu kama Bibi kupiga kura. Nilisoma kurasa kumi na nne, kaka, nikasahau hata kula. Hasira haikuja kama nilivyotegemea. Nilitamani tu kuwajua: ni akina nani? Mto huu wamewahi kuuona? Hakuna hata mmoja aliyetumia jina lake.

Nikajiandikisha kwa jina langu kamili. Nikaandika: "Huyu ni bibi yangu. Anatoka msibani." Mmoja akanijibu papo hapo, "Umelipwa na nani?" Mwingine, anayesema yuko Songea, akauliza kwa upole, "Dada, lakini wapo wanaopiga kura pande zote mbili, au hawapo?"

Unamjua jirani yetu Petro, ana kadi za kupigia kura, za huku na za ng'ambo, tena anajisifia kilabuni. Nikaandika kwamba wapo, ila Bibi si mmoja wao. Wakaichukua ile "wapo", wakaishangilia, yaliyobaki wakayaacha.

Juma lililopita wafuasi wa Mzee Abdallah, aliyeshindwa uenyekiti kwa kura kumi na moja, walimpelekea mtendaji wa kijiji picha ile. Walitaka uchaguzi urudiwe. Bibi akaitwa. Alikwenda na cheti chake cha uraia, kile kilicholiwa na mchwa pembeni. Mimi nilimsindikiza.

Mtendaji akamuuliza, "Bibi, ng'ambo ulikwenda kwa nani?"

"Kwa marehemu," akasema.

Mara Mzee Abdallah mwenyewe akasimama. "Huyu mama tumepiga kura pamoja tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Siku ile alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akaniambia usoni kwamba hanichagui. Mgeni gani ananijua hivyo?" Watu wakacheka, naye akaomba malalamiko yafutwe. Yakafutwa.

Ila Bibi hajatulia. Mwezi ujao wanamaliza msiba wa dada yake, naye hataki kuvuka. Anaogopa kupigwa picha tena. Juzi aliniuliza, "Hao wote waliokuwa wanabishana, hakuna hata mmoja anayenijua?"

Kaka, uliiona picha ile kabla yangu. Nilirudi mjini nikapitia kurasa zote upya, nikitafuta jina lako. Sikulikuta. Kazini kwako kuna intaneti. Andika, hata mstari mmoja, useme huyo ni bibi yako. Nitamsomea kabla siku ya kuvuka haijafika.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Elizabeti, na Mzee Abdallah pia. Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Mungu awalinde nyote, na Bibi anasema anakuombea kila jioni kwa jina lako.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Luisa