Binti Katoa Damu, Soda Kanywa Wifi

Mpendwa mshauri Bi Ziada, pokea salamu za hapa kwetu Kibirizi, mimi Mama Gervasi sijambo, mzee wangu Anatoli hajambo ila goti, kijana wangu Gervasi hajambo, mkewe Armelle hajambo na tumbo lake la miezi minane, ila binti yangu Winfrida ndiye nashindwa niseme hajambo au niseme nini, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Armelle uzazi uliopita alivuja damu nusura tumzike, kwa hiyo safari hii kliniki wakasema ndugu mje mtoe damu mapema, basi Winfrida akaenda bila kusitasita, akatoa, wakampa soda na biskuti, hakugusa, akamletea wifi yake, nami nikamsifu kwa moyo huo, nikamtuma mwaloni, kule ufukweni, akageuze dagaa wetu tulioanika, jua lile la mchana, mara naitwa, mama njoo, mwanao kaanguka juu ya dagaa, mawe, mama yangu! namkuta midomo myeupe, jasho la baridi, na mkono walipomchoma umevilia weusi. Hao manesi wamemnyonya mwanangu kiasi gani? Na Gervasi, mwenye mke, badala ya kumbeba mdogo wake anacheka, "Si nilisema? Damu ni kama petroli, mama, ukiimwaga injini haikufikishi Ilagala. Mimi mvuvi, sitoi."

Kliniki wanataka mtu mwingine tena, Winfrida anasema atarudi yeye, nimemficha viatu. Je, damu inarudi au ndo imekwenda? Armelle analia jikoni. Nijibu haraka dada yangu, tumbo halingoji.

*

Mama Gervasi, pole. Sasa unisikilize.

Manesi hawakumnyonya mtu. Mliomwangusha Winfrida ni ninyi wa nyumbani! Ile soda haikuwa zawadi ya wifi, ilikuwa ya kurudisha maji na sukari mwilini mwake. Mtu katoka kutoa damu, hajala, hajanywa, unampeleka juani ainame na kuinuka, ulitaka asianguke? Maji yakipungua mwilini damu inachelewa kufika kichwani, macho yanaingia giza. Mtu wa hivyo mlaze kivulini, miguu juu, anyweshwe akizinduka. Weusi wa mkono utapotea wenyewe. Ukivimba, mpeleke zahanati.

Na damu inarudi. Maji yake siku moja mbili, chembe zake wiki kadhaa, ndiyo maana mwanamke hatoi tena mpaka miezi minne ipite. Winfrida asirudi. Mpe viatu vyake, na hao dagaa awale, na maharage, na mboga za majani.

Sasa niitie huyo Gervasi. Wewe! Injini gani uliyoiona ikijitengenezea petroli? Mwili wako unajitengenezea damu hata ukiwa umelala unakoroma. Mdogo wako kaanguka kwa ajili ya mkeo, wewe uliyempa mimba unacheka? Wiki ijayo ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, hawavuliki, mitumbwi yote itakuwa juu ya mchanga nawe unacheza bao. Nenda wiki hiyo. Wakikupima wakakukuta mzima, toa.

Mama, mfuate mpaka ndani. Na soda yake simama uione inaisha palepale.