Alama ya Fundi Cornel

Chuo Kikuu cha Ufundi Lwamigongo,
Shinyanga.
11 Juni 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Masikio yanasemaje? Mama alinipigia akasema siku hizi hata karasha lenyewe la kusagia mawe hujui kama linasaga mpaka uliguse. Basi simu tumwachie Mama, sisi tubaki na barua, na dereva wa basi tumpe pole kwa kutubebea. Mimi mzima, ila vidole vina malengelenge.

Wiki iliyopita chuo kilitimiza miaka hamsini. Wamebandika historia yote ukutani: kwanza banda la mabruda waliofundisha useremala vijana wa kutoka machungani, kisha shule ya ufundi, kisha chuo, na huu mwaka wa sita ni chuo kikuu. Mgeni rasmi akasema, "Tumetoka mbali." Sisi tukacheka chinichini, maana mashine za kukerezea vyuma bado ni mbili, na darasani tuko sitini na wanne. Zamu yangu inafika mara moja kwa wiki mbili. Siku nyingine nachora tu daftarini. Wasichana tuko watano. Wanafunzi wa vyuo vingine wakituona stendi na ovaroli wanatuuliza bei ya kuziba pancha.

Ila kuna picha ya mwaka 1988, vijana kumi na wawili mbele ya karakana. Majina yameandikwa chini, lakini wa tatu kutoka kushoto ameandikwa "hajulikani". Baba, ni wewe! Una nywele! Nilimwita mwalimu wetu, Bi Juliana, nikamwambia huyu anajulikana, anaitwa Cornel Mabula, yuko Geita, ni baba yangu. Akachukua kalamu akaandika.

Mwezi ujao tunakwenda fildi. Nimepangiwa mgodi mdogo karibu na Kagongwa, kwa Mzee Wiliam. Unamfahamu?

Mwanao,
Suzana

*

Kalangalala, Geita.
20 Juni 2023

Mayu Suzana,

Marahaba. Sisi wazima, Mama yako anapalilia mchicha, na masikio ni yale yale.

Ile karakana ya pichani tuliijenga sisi wenyewe, asubuhi tofali, jioni darasa. Tulikuwa na tupa moja kwa watu watatu. Bruda akikuta umepiga tupa vibaya anakirusha chuma chako nje, unakwenda kukitafuta majanini huku wenzako wanakula. Nilitoka miezi miwili kabla ya mtihani, babu yako alipofariki, ng'ombe wakabaki hawana mtu. Ndiyo maana jina langu halimo. Mwambie huyo mwalimu nashukuru, wabeja sana.

Wiliam nilimfanyia kazi zamani. Omba upangiwe kwingine.

Baba yako

*

Mgodini, Kagongwa.
27 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama nampigia magoti. Huku jua kali na vumbi, lakini nakula vizuri. Mama lishe wa hapa, Apolonia, ananiwekea ukoko kila mchana, anasema nimekonda.

Niliomba kubadilishiwa ikashindikana, majina yalikuwa yameshapelekwa.

Nimepewa kuangalia winchi inayoshusha watu na kupandisha mawe. Duara, ndivyo wanavyoliita shimo la mgodi, lina kina cha mita sabini. Kila asubuhi wanashuka watu kumi na mmoja, wa kwanza ni Ndaki, mume wa Apolonia. Jumanne nilikuwa napangusa grisi kwenye mguu wa fremu nikaona ufa, palepale palipochomelewa, urefu kama kidole changu. Nikaendelea kupangusa. Pembeni ya ufa kuna mviringo mdogo umegongwa kwenye chuma, na ndani yake herufi mbili, C na M. Baba, alama hiyo iko kwenye geti letu. Iko kwenye jiko la Mama.

Nilikwenda kwa Mzee Wiliam. Sikutaja alama, nilitaja ufa tu. Akasema, "Binti, winchi hii ina miaka minane haijaangusha hata mbuzi. Andika unachoonyeshwa, siku ya mwisho nikugongee muhuri uende zako." Kitabu changu cha fildi anakifungia kwenye droo yake. Bila muhuri wake sina maksi, na bila maksi simalizi mwaka.

Nikiandika ukweli, jina lako limo. Nisipoandika, kesho Ndaki anashuka. Usiku nikilala naona ule ufa tu. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Suzana

*

Lwamigongo, Shinyanga.
13 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama, maana sijasikia neno. Dereva anasema barua aliikabidhi mkononi mwako, na wewe ukaisoma umesimama.

Nimefukuzwa. Nilikuwa nimeweka mstari wa chaki mwisho wa ufa. Siku ya tisa ufa ukawa umeuvuka mstari. Asubuhi ile nilisimama mbele ya swichi nikawaambia wachimbaji wasishuke. Ndaki akanisogeza kwa mkono, taratibu kabisa, akasema, "Dada, watoto wangu hawali chaki." Wakashuka wote. Jioni Mzee Wiliam akanitolea begi langu nje. Kitabu kimebaki kwenye droo.

Bi Juliana ananiamini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nani alichomelea. Nikasema sijui. Nilimdanganya, Baba, mtu aliyeandika jina lako ukutani. Akasema bila muhuri na bila fundi wa kuthibitisha hana la kufanya, nitarudia fildi mwakani. Niko hosteli peke yangu, wenzangu wote bado wako migodini na viwandani. Kila simu ikilia nadhani ni Apolonia.

Huniandikii kwa sababu umenikasirikia?

Suzana

*

Kalangalala, Geita.
28 Septemba 2023

Mayu,

Marahaba mara mbili, kwa barua mbili. Nina afya. Sikukukasirikia. Kila siku nilishika kalamu nikaiweka.

Winchi ile niliijenga mimi mwaka 2015. Mguu ulipungua urefu, nikaunga kipande. Vijiti vya kuchomelea vya chuma kile vilikuwa vimekwisha, nikamwambia Wiliam tusubiri vije kutoka Mwanza. Akasema watu wamekaa bure siku nne. Nikatumia vilivyokuwepo, nikalainisha juu kwa grenda, nikapaka rangi. Tulikubaliana ni kwa mwezi mmoja, kisha nirudi kuukata na kuuchomelea upya. Sikurudi. Wala hakuniita. Tangu hapo nikisikia duara limeua watu upande wa Kahama, nauliza kwanza ni la nani. Ulipoandika umepangiwa huko, nilipaswa kukuambia yote. Nikaandika mstari mmoja.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikwenda Kagongwa. Nilimkuta Wiliam anakunywa chai. Nikamwambia, "Nimekuja kumalizia kazi yangu." Akasema maneno mengi, mdomo wake niliuona, sauti sikuipata. Watu walikuwa wamepanda kula, duara lilikuwa tupu. Nikachomeka grenda, nikaukata ule mguu. Walinivuta shati, mmoja akanipiga mgongoni kwa mpini wa sururu. Sikuacha. Mguu ulipodondoka, Ndaki aliuokota akaugeuza. Ndani palikuwa peusi na matundu kama sega la nyuki; chuma kilichokuwa kimeshika kilikuwa chembamba kama ganda la yai. Akakaa chini. Hakuna aliyenigusa tena.

Wiliam aliita polisi. Nililala ndani siku mbili kwa kuharibu mali ya mtu. Ofisa wa madini alipokiona kile kipande akafunga duara, nikaachiwa kwa dhamana. Kesi ipo. Nimeambiwa nisitoke nje ya mkoa wa Geita bila ruhusa.

Mwambie mwalimu ukweli. Jina analo.

Baba yako

*

Lwamigongo, Shinyanga.
15 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama anasema unalalia tumbo.

Nilimwambia Bi Juliana. Aliniuliza kama unakubali asimulie darasani, bila jina. Nikamjibu nitakuuliza. Lakini fildi narudia vilevile. Kitabu hakina muhuri, na duara limefungwa, hakuna wa kuugonga. Wenzangu watavaa majoho Desemba, mimi nitakuwa kwenye viti vya wageni.

Apolonia alinipigia. Nilidhani atanishukuru. Akasema Ndaki amekwenda kwenye duara jingine, huko hakuna hata winchi, wanashuka kwa kamba wameshikana mabega. Akasema, "Dada, mmetutoa shimoni mkatuacha ukingoni," akakata simu.

Nilidhani ukweli ukishasemwa mtu anapata pa kupumulia.

Mwanao,
Suzana

*

Kalangalala, Geita.
2 Novemba 2023

Mayu Suzana,

Marahaba. Mgongo umepoa. Geita hakuna anayeniita kazini tena. Wenye maduara wananiita mkata winchi. Mama yako anauza mchicha, tunakula.

Asimulie, na jina alitaje.

Apolonia ana haki ya kusema hivyo, usimkasirikie. Ndaki nilimtumia ujumbe kwa dereva aje Geita, kuna jamaa yangu anatafuta watu wa kazi ya juu, si ya shimoni. Hajajibu.

Kuna jambo sikukuandikia. Vile vijiti vya mwaka ule sikuvitumia mahali pamoja. Kuna winchi nyingine tatu. Moja iko hapa karibu, mbili ziko Ushirombo. Zote zina alama yangu, na zote zinashusha watu. Nimekaa nalo wiki tano kama mtu aliyemeza mfupa. Nikienda na grenda watanifunga, na safari hii hawatanitoa. Nikiandika barua, nani atasoma barua ya kiziwi mwenye kesi? Nikinyamaza, umeshajua kunyamaza kwangu kukoje.

Natazama geti letu nikitafuta pa kutokea.

Baba yako

*

Lwamigongo, Shinyanga.
6 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikampelekea Bi Juliana, naye akaisoma amesimama. Ameandika kwa ofisa wa madini kwa karatasi ya chuo yenye nembo, winchi tatu, mahali zilipo, na jina la fundi. Na mimi nimesaini chini ya jina lako. Amenipa kipimo cha nyufa cha karakana, nimetia saini kwamba kikipotea ninakilipa. Alhamisi atakuja mwenyewe pamoja na ofisa. Hawezi kuahidi kwamba hawatakushika, nilimuuliza mara mbili.

Nina mwaka mzima wa kurudia, nafasi ninayo. Jumatano nitashuka stendi ya Ushirombo na basi la asubuhi. Nisubiri hapo. Usibebe grenda, na usipande juu ya winchi yoyote kabla sijafika.

Mwanao,
Suzana